Siku za Mfungo wa Bibi

Jumatatu, 16 Februari

Uji saa kumi na mbili na nusu. Kidonge kwanza, uji baadaye, kama nesi alivyoagiza. Bibi amemaliza kikombe. Ng'ombe amekamuliwa, ndama amepata chake. Nimefika shule kengele ikilia.

Mama alirudi kazini jana jioni, Ngorongoro, kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta anakofua mashuka ya wageni. Atakuja baada ya wiki mbili. Mpaka hapo tuko wawili, mimi na Bibi. Kwa kawaida Mama haachi maagizo mengi. Safari hii alirudia mara tatu: dawa ya sukari ya Bibi isikosekane hata siku moja. Tangu Januari kidonge kimeongezwa nguvu.

Mwalimu wa baiolojia ametuambia kila mmoja awe na daftari la kuandika anachokiona, si anachokidhani. Nitaandika vyote viwili. Hakuna atakayesoma.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Misa ya alfajiri, kisha mbio nyumbani kukoroga uji. Bibi alibaki kanisani akiongea na wanawake wa jumuiya. Nikamwachia kikombe mezani, kidonge pembeni.

Jioni kikombe kilikuwa kimeoshwa. Kidonge hakipo. Bibi alikuwa kitandani. Yeye hana desturi ya kulala mchana. Akasema ni baridi ya kanisani.

Ijumaa, 20 Februari

Nimeogopa leo.

Nilitoka shule mapema kidogo. Nilimkuta zizini, amekaa chini kwenye majani ya ng'ombe. Khanga imelowa jasho mgongoni, na upepo ulikuwa wa baridi. Mikono inatetemeka. Nikamwamkia, akaniita Magdalena. Magdalena ni dada yake. Alikufa kabla Mama hajaolewa hapa.

Nikadhani malaria. Nikamchemshia chai ya rangi bila sukari, maana nyumbani kwetu sukari haipo tangu Bibi agundulike na ugonjwa. Hata mimi na Mama tumeacha. Alikunywa, hakubadilika. Saa kumi akaomba ugali mwenyewe. Alikula haraka mpaka sahani ikabaki tupu. Baada ya muda akaniuliza mbona sijavua sare.

Akawa mzima kabisa, kama hakuna kilichotokea. Hilo ndilo limeniogopesha zaidi.

Jumamosi, 21 Februari

Nimekwenda zahanati peke yangu. Nesi alinisikiliza amesimama, akikunja kadi za watoto. Nilipofika kwenye Magdalena akaketi. Sikupenda alivyoketi.

Si malaria. Sukari ya Bibi inashuka. Dawa inaishusha hata kama tumboni hakuna chakula. Mimi nilidhani ugonjwa huu ni wa kupanda tu. Ikishuka, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, hukasirika bila sababu. Mwisho huzimia. "Kupanda kunamdhuru kwa miaka," akasema. "Kushuka kunaweza kumchukua mchana mmoja, mwanangu."

Maagizo yake. Kama anaweza kumeza, vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji. Kusubiri robo saa. Kama bado, kurudia. Akizinduka ale kitu cha kushiba, ugali au kiazi. Asiyeweza kumeza asimiminiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Nikiwa na mashaka kama imepanda au imeshuka, na hakuna kipimo, nimpe sukari.

Akauliza kama Bibi anakula asubuhi. Nikasema ndiyo.

Nikapita dukani kwa Mama Bernadeta, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kununua robo ya sukari.

"Ya nani hiyo? Si kwenu kuna mgonjwa?"

"Yangu, mama."

"Haya. Unywe chai yako umefunga mlango, usimtamanishe bibi wa watu."

Wateja wakacheka. Nimesema uongo, na Kwaresima haijamaliza wiki.

Jumanne, 24 Februari

Mpango wa chakula nimeubandika ukutani. Asubuhi uji wa ulezi na kiazi kitamu. Saa nne yai au maharage yaliyobaki. Mchana makande. Saa kumi kikombe cha mtindi. Jioni ugali kidogo, mchicha mwingi. Kabla ya kulala maziwa. Kidogo kidogo, mara nyingi, asikae muda mrefu na tumbo tupu. Mwalimu wa darasa ameniruhusu kukimbia nyumbani saa nne. Kwenda na kurudi, dakika ishirini.

Bibi ameusoma mpango akiwa ameshika miwani kwa mkono. "Unaninenepesha kama fahali wa mnadani," akasema. "Siku ukinipeleka uniambie nivae vizuri."

Siku nne bila jasho. Nimeanza kutumaini.

Jumatano, 25 Februari

Saa nne Bibi hakuwepo nyumbani. Yai nililoliacha jana usiku liko palepale. Nilizunguka nyumba, shamba, kisima. Nikachelewa hesabu, nikaadhibiwa kufagia.

Saa tisa nikamkuta amelala chini ya uzio, shavu kwenye udongo. Macho wazi. Nilimuuliza kama anaweza kumeza, akanitukana kwa Kiiraqw. Bibi hatukani. Nikamwinua, nikampa maji ya sukari. Nusu yakamwagika kifuani kwake. Nikahesabu robo saa kwa kuangalia saa ya ukutani kupitia dirishani. Akaanza kuuliza nani amemlowesha.

Imefanya kazi. Sijui nifurahi au nilie. Sikufanya lolote, nikapika.

Ijumaa, 27 Februari

Nimefungua daftari hili nikasoma nyuma. Jumatano ya Majivu. Ijumaa. Jumatano. Siku nyingine zote hana kitu.

Asubuhi nilijifanya naenda shule. Nikasimama nyuma ya ghala. Bibi alimeza kidonge. Akachukua kikombe cha uji, akaenda nacho zizini, akakimimina kwenye ndoo ya ndama. Kiazi pia. Akakiosha kikombe vizuri, akakifunika.

Anafunga. Kila Jumatano na Ijumaa, mpaka saa kumi, baada ya Njia ya Msalaba. Wakati huohuo anameza dawa kwa utii, kwa sababu nesi alisema kila siku kabla ya kula. Chakula chake cha kwanza ni saa kumi. Kwa hiyo kabla ya kula ni kutwa nzima.

Nikatoka nyuma ya ghala. Bibi hakushtuka. Alisema, "Na wewe shule utaiacha kwa sababu ya ndama?"

Nikamwambia aliyoyasema nesi, yote. Alisikiliza. Kisha akasema anafunga kwa ajili yangu. Mwaka huu nafanya mtihani wa kidato cha nne. Amemwekea Mungu ahadi, yeye afunge Kwaresima nzima, mimi nifaulu. Ahadi ikishawekwa haiondolewi kwa kutetemeka mikono.

Nikachukua mkoba. Nilifika shule saa tano, nikaandikwa mchelewaji. Bibi leo alitetemeka tu, hakuanguka, na saa kumi akala.

Jumapili, 1 Machi

Mama amekuja na gari la wafanyakazi. Nilimweleza jikoni kwa sauti ya chini. Akasikiliza, sufuria mkononi. Mama ni mkwe hapa, hawezi kumwamuru Bibi. Alijaribu baada ya chakula, kwa upole.

"Mama, hata Kanisa linawasamehe wagonjwa."

"Nimefunga nikiwa na mimba ya mume wako. Nikalima. Sikufa."

Ikaishia hapo. Alipokuwa anafunga mkoba wake, Mama ameniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka aliokufa Baba, Bibi hakufunga. Alikuwa amevunjika mguu, padri akamruhusu kula. Wiki ya Pasaka lori likapinduka na Baba ndani yake. Bibi hajawahi kulisema. Lakini tangu hapo hajaruka siku hata moja.

Sasa naelewa, na kuelewa hakunisaidii. Kukitokea kitu nimpigie Mama. Simu yake hushika mtandao akisimama kwenye tangi la maji tu. Ameondoka saa nane.

Jumanne, 3 Machi

Nimefikiri hivi. Chakula siwezi kumlazimisha. Dawa naweza. Siku asiyokula, asimeze. Nitaficha pakiti kesho asubuhi, niseme imeisha, Alhamisi niirudishe. Nesi hakusema hivi. Sijamuuliza. Naogopa atasema hapana na sitakuwa na njia nyingine.

Jumatano, 4 Machi

Nimeficha pakiti ndani ya kiatu changu cha zamani. Nikasema dawa imeisha, nitachukua kesho. Bibi akasema sawa. Siku nzima hakutetemeka. Alifuma, akachambua maharage, akaenda kanisani akarudi kwa miguu yake.

Nimepata jibu. Nimelala kidogo baada ya shule, kwa mara ya kwanza kwa wiki mbili.

Ijumaa, 6 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali, mjini Karatu. Nataka kuandika kwa mpangilio.

Jana asubuhi nilimpa kidonge kimoja, nikairudisha pakiti kiatuni. Leo asubuhi nilikwenda kuichukua niihamishe. Haikuwepo. Bibi alikuwa ameiona. Alikuwa anafagia chumba changu, kama afanyavyo kila Alhamisi, nami sikulikumbuka hilo. Nikamuuliza dawa iko wapi. Akanitazama, si kwa hasira. Akasema, "Kidonge cha Jumatano nimekilipa leo. Vimekuwa viwili."

Viwili. Bila uji. Nikamwomba ale. Nikapiga magoti. Akasema nisimfanye avunje ahadi kwa huruma, nichukue mkoba nisichelewe. Na mimi nikaenda. Kulikuwa na jaribio la fizikia. Hilo nitaliandika mara moja tu.

Saa nne nilikimbia nyumbani, nikamkuta mzima, anaanika mahindi. Akakataa tena kula. Nikafunga sukari kwenye karatasi, nikajaza chupa maji, nikatia vyote mkobani. Saa tisa nikaenda moja kwa moja kwenye kilima cha kanisa. Waumini wa Njia ya Msalaba walikuwa wamefika kituo cha nane kati ya kumi na vinne. Nilimtafuta kwa kilemba chake. Hakuwa katikati ya watu. Alikuwa ametoka njiani, anatembea kwenye mahindi ya jirani, anayakanyaga, anazungumza peke yake. Mama Bernadeta alikuwa anamvuta mkono. Bibi akamsukuma. Watu wakaacha kuimba. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba mama huyu amekunywa.

Akaanguka akakaa. Uso umelowa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamimina sukari yote kwenye chupa, nikatikisa. Mama Bernadeta akanishika mkono.

"Wewe mtoto, unafanya nini? Huyu ana sukari."

"Imeshuka, mama."

"Nani amekupimia? Unataka kumuua bibi yako mbele ya msalaba?"

Wanawake wengine wakasema ni kweli, asipewe. Mmoja alimwuguza mumewe mwenye ugonjwa huu, akaapa kwamba sukari ndiyo ilimmaliza. Wote ni watu wazima. Wote nawaamkia kila siku. Nilihisi inawezekana wako sahihi na mimi ndiye mwuaji. Nesi alisema nikiwa na mashaka nimpe. Lakini nesi hakuwepo, na wao walikuwepo.

Nikamwambia Bibi ameze mate. Akameza. Nikaunyofoa mkono wangu. Nikampa.

Katekista aliyekuwa akiongoza sala alinishikia saa. Robo saa ni ndefu sana. Dakika ya kumi Bibi aliniita Magdalena. Baada ya robo saa bado alikuwa amelegea. Nikampa iliyobaki. Macho yakarudi mahali pake kidogo kidogo. Akauliza kwa nini wote wamesimama kwake, msalaba uko kule.

Nikataka ale, akafumba mdomo. Saa kumi ilikuwa bado dakika chache. Katekista akasema, "Mama, saa kumi imefika." Haikuwa imefika. Bibi akala ndizi aliyopewa na mtu.

Nilijua vidonge viwili havijaisha kazi. Tukapanda bodaboda, Bibi katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Kabla hatujafika mjini alianza tena kulegea, kichwa kikaniegemea.

Sasa ana dripu. Wamempima mara tatu. Ikipanda, inashuka tena. Daktari amesema dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, hatatoka leo. Nimemwambia kwamba vilikuwa viwili. Sijamwambia kwa nini.

Mama hapatikani. Nimejaribu mara kumi na moja.

Jumamosi, 7 Machi

Yuko hai.

Nimemwambia daktari kuhusu kiatu. Nilitegemea anifukuze. Akaniuliza umri wangu. Kisha akasema dawa na chakula vinakwenda pamoja, ukigusa kimoja mwambie anayekijua kingine. Basi. Angenigombeza ningepata nafuu.

Kidonge kile kimesimamishwa. Mama nilimpata kwa simu alfajiri, amefika saa tano na aproni ya kazi chini ya koti.

Jumapili, 8 Machi

Tumerudi nyumbani, Rhotia. Bibi anatembea akishika ukuta.

Mama Bernadeta amekuja na chupa ya uji. Alikaa muda mrefu akisifia ndama. Alipotoka nikamsindikiza hadi barabarani. Akasema bila kunitazama, "Mimi ningemnyima. Nilikuwa na hakika kabisa." Nikasema, "Asante kwa uji, mama." Sina hasira naye. Mimi nilikuwa na hakika na kiatu changu.

Jumanne, 10 Machi

Mama amerudi kazini asubuhi, hakupewa siku zaidi. Kesho ni Jumatano.

Katekista alikuja saa kumi na moja kumshauri Bibi. Sheria ya mfungo haimfungi mgonjwa wala mzee. Bibi akamkaribisha maziwa. Akamwambia hafungi kwa sababu ya sheria. Katekista akanywa maziwa, akaniangalia, akaaga.

Tukabaki wawili. Nikasema nilichokuwa nakipanga tangu hospitali. Nimekisema nikiwa nimesimama, kwa adabu, mikono nyuma kama ninavyojibu swali darasani. Nikasema mtihani ni wangu. Nikifeli nimefeli mwenyewe. Siwezi kuingia chumba cha mtihani nikijua nimenunuliwa kwa njaa yake, kwa sababu sitaandika chochote, nitakuwa nasikiliza kama kuna mtu anakuja kuniita. Halafu nikasema lile lingine. Baba alikuwa ndani ya lori bovu. Lori ndilo lililomwua. Si mguu wa Bibi, wala chakula alichokula Bibi.

Nyumba hii hakuna aliyewahi kulisema.

Bibi aliinuka. Akaenda zizini, akakaa na ng'ombe mpaka jua likazama. Alipoingia hakuniangalia. Alikunywa maziwa yake, akalala.

Nimemvunja. Au nimefanya lililotakiwa. Kutoka hapa nilipokaa, naona vinafanana.

Jumatano, 11 Machi

Nilikoroga uji. Nikaweka mezani. Sikuondoka. Nikasema moyoni, nikichelewa nichelewe.

Bibi alikaa mbele ya kikombe muda mrefu sana. Utandu ukashika juu. Akautoa kwa kidole, akautupa. Akafanya ishara ya msalaba. Akanywa.

Alikunywa mpaka mwisho, akala na kiazi. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Nami nilikaa nikatazama mezani. Alipomaliza akasema kwa Kiiraqw, sikuwa na uhakika kama ananiambia mimi, "Alipenda sana viazi, yule mwanangu."

Baadaye akaniambia nitachelewa.

Jumanne, 17 Machi

Kliniki. Amepewa dawa nyingine, isiyoshusha sana, ya kumeza akiwa anakula. Nesi ameusoma mpango wangu wa ukutani, nilikuwa nimeunakili. Ameongeza karanga kiganja kimoja. Amepunguza ugali wa jioni. Bibi akamwambia, "Huyu ndiye daktari wangu. Wewe unamsaidia tu." Nesi akacheka hadi mlangoni.

Bado usingizi wangu ni mwepesi. Akikohoa naamka, nakaa kitandani. Daktari alisema inaweza kutokea tena hata tukifanya yote sawa. Nimeiandika ili nisijifanye sijaisikia.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Barabara imekuwa tope, viatu nimevibeba mkononi.

Bibi amekula saa moja kamili. Uji, kiazi, nusu yai. Nusu nyingine akaisukuma upande wangu, nikaila. Akameza dawa. Atakwenda Njia ya Msalaba mvua ikikatika, na karanga mfukoni, Mama Bernadeta atapita kumchukua. Hakusema safari hii anamwombea nani. Sikumuuliza.

Saa nne nilikuwa darasani. Nilikuwa nimemaliza maswali mawili ya jiometri na niko katikati ya la tatu, ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi nzima sijaangalia saa.